Mama Abaki Chumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mikanda minne nifue. Ilikuwa ya turubai, mipana kama kiganja, na pembeni ilikuwa na alama za meno madogo. Nilidhani ni ya kufungia mbwa. Nikauliza, "Mbwa wenyewe wako wapi?" Mzee Zakaria, aliyefanya kazi katika chumba cha giza cha kusafishia picha, alinitazama kwanza ndipo akajibu.

"Hapa hakuna mbwa, nyar Kisii," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu siku hiyo, yaani binti wa Kisii, kwa lugha ya kwao ziwani. "Hiyo ni ya watoto."

Ninyi mnaofanya kazi sasa katika idara ya eksirei mmeniomba niandike jinsi mambo yalivyokuwa. Nilipandishwa cheo lini na kwa barua gani, hayo yamo kwenye faili, na mwenye hamu akapanguse vumbi ayasome. Mimi nitaandika habari za mikanda ile na jinsi mama wa mtoto alivyoingia chumbani, kwa sababu naona mmeanza kusahau. Hospitali siitaji jina. Ilikuwa ya misheni, juu ya kilima upande wa Keumbu, na waliokuwepo wanaijua.

Baba na mama walikufa katika msimu mmoja wa mvua, kabla ya vita vikuu vya pili. Nilikuwa darasa la tatu, wa kwanza kati ya wanne. Jumatatu nilirudisha kibao cha kuandikia shuleni, na sikurudi tena. Kitinda mimba wetu, Kemunto, alikuwa bado hajatembea. Baba mdogo alikuja na wazee wawili akasema msichana mkubwa ndiye zizi la nyumba. Nikishaolewa, ng'ombe wa mahari watawalea wengine. Nikamwuliza, "Hao ng'ombe watambeba Kemunto mgongoni?" Akasema nina mdomo. Ni kweli, ninao mpaka leo. Nilipopata nguvu za kubeba ndoo mbili kwa mkupuo, nilikwenda misheni kuomba kazi ya kufua.

Chumba cha picha kilikuwa kidogo kuliko jiko la mama yangu. Mashine ilikaa katikati, nyeusi, ikiinamisha shingo. Umeme wake ulitoka kwa injini iliyokuwa nyuma ya ukuta, na injini hiyo ilipowashwa vioo vya dirisha vilitetemeka. Mtoto aliletwa, mlango ukafungwa kwa komeo, mama akabaki nje. Mtoto alilazwa juu ya meza ya baridi, akafungwa mikanda miwili miguuni na miwili mikononi. Kisha injini ikaanza kunguruma, na mtu mweupe aliyevaa aproni nzito ya risasi akamwambia kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto wa Kisii hajaijua bado, "Toto, nyamaza!"

Mtu huyo alikuwa Sista, mkuu wa idara. Simsemi vibaya. Alikuwa hodari, aliamka mapema kuliko sisi, na mikono yake ilikuwa imeharibiwa na dawa za kuoshea picha. Lakini aliamini kwamba mama akiwepo mtoto hulia zaidi, na alikuwa amelisoma hilo mahali fulani.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Mashine za siku zile zilikuwa za polepole. Mtoto akilia, kifua kinacheza. Kifua kikicheza, picha inatoka kama imepigwa chini ya maji. Picha za watoto zilizoharibika zilijaa kasha zima. Mzee Zakaria alikuwa akizichemsha, anakwangua dawa, na plastiki inayobaki anaitia kwenye madirisha ya nyumba yake badala ya kioo. Nyingine hazikutakata vizuri. Ukikaa kwake kunywa chai asubuhi, jua lilikuingilia likipita katika mbavu za watoto wa watu, zimefifia. Nilizihesabu mbavu zile nikawa siwezi kumeza chai. Kila dirisha lilikuwa mtoto aliyefungwa akalia bure.

Mzee Zakaria ndiye aliyenitoa kwenye ndoo akanifundisha chumba cha giza. Saa tulikuwa hatuna. Alipima muda wa picha ndani ya dawa kwa kuimba wimbo wa kanisani, beti mbili na kiitikio. Akiwa amegombana na mkewe aliimba haraka, na siku hiyo picha zote zilitoka hafifu. Alinifundisha kukata filamu, kuandika namba, kushika pembe bila kuacha alama ya kidole. Alinifundisha pia kwamba picha mbaya haianzii kwenye dawa. "Inaanzia mlangoni," alisema. "Mtu anavyoingia ndivyo atakavyoonekana."

Niliikumbuka kauli hiyo siku Sista alipolala na malaria na mtoto akaletwa wa kupigwa picha ya kifua. Mzee Zakaria aliniambia nishike mkanda mmoja, yeye ashike mwingine. Niliukunja mkanda nikauweka kando, nikamwita mama yake mtoto aingie.

Nilikuwa nimelea watoto watatu jikoni. Mtoto wa kwetu, hata wa miaka mitatu, anajua kupuliza moto. Na hakuna anayepuliza moto bila kwanza kuvuta pumzi mpaka kifua kijae, akatulia kidogo, ndipo atoe. Kule kutulia kidogo ndiko tulikokuwa tunakutafuta kwa mikanda. Nikachukua kigae cha chungu, nikaweka juu yake kaa la baridi, nikampa mama akishike mbele ya uso wa mtoto. Mikononi mwa mtoto nikatia ng'ombe mdogo wa jiwe laini la Tabaka, nikamwambia kwa Ekegusii amnyanyue ng'ombe juu ya kichwa asije akaungua. Mikono ikapanda, mabega yakaondoka kifuani. "Haya, tuwashe moto," nikasema. Mtoto akavuta pumzi. Mzee Zakaria akabonyeza.

Picha ilitoka safi, kila ubavu peke yake.

Sista aliporudi aliiinua kwenye mwanga. "Nani napiga hii?"

"Malaria yako, Sista," Mzee Zakaria akajibu. "Ilitupa nafasi."

Alisema ni bahati. Akaona ya pili, ya tatu. Mwishowe akakubali kwa shingo upande: jamaa wa mtoto aingie, lakini mambo yakiharibika hata mara moja, mikanda inarudi mezani. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali nilipoweza kuiona kila nilipoingia. Miaka ikapita, vita vikaisha, ikabaki ikining'inia.

Aliyeharibu mambo ni mimi.

Ilikuwa miaka ile pareto ndiyo kwanza inapandwa kwetu. Mwanamke mmoja alitoka upande wa Sironga, karibu na Nyamira, na binti yake Kerubo wa miaka minne hivi. Walikuja na mzee mmoja aliyetangulia mbele, kimya, na fimbo yake. Kerubo alikuwa amekohoa tangu mavuno ya wimbi, amekonda shingo. Daktari alishuku kifua kikuu. Picha ikimpa shaka tu, mtoto angelazwa katika wadi ya kutengwa, na huko mama hawakuruhusiwa kabisa. Watoto wengine walikaa mwaka. Wengine hawakutoka.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimeshajiona bingwa. Kerubo alikuwa dhaifu, hakuweza kukaa wima bila kushikwa pande mbili. Nikatoa kichwa mlangoni nikaita, "Mama Kerubo, ingia. Na wewe mzee, ingia." Hawakusogea. Nikawavuta. Nikamvika mama aproni, nikamvika mzee nyingine, nikawasimamisha bega kwa bega katika chumba kile kidogo, pazia limefungwa. Nikauchukua mkono wa mzee nikauweka juu ya mkono wa mama, chini ya kwapa la mtoto. "Shikeni hapo, msiachie."

Mzee alikuwa baba mkwe wake.

Msio wa huku niwaeleze. Kwetu kuna chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake. Mke wa mwanao hamgusani, hamkai mahali pamoja pa faragha, hata mlango wake huuvuki. Mume wa yule mama alikuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, ndiyo maana mzee aliwasindikiza, akitembea mbele kwa umbali unaotakiwa. Mimi, Mgusii mzima, niliwafungia gizani na kuwashikanisha mikono. Na hawakuweza kuniambia kwa nini hawataki, kwa sababu kulitaja lenyewe ni aibu nyingine.

Mzee alitoa sauti kama aliyeungua. Aproni ikaanguka. Nilipofungua pazia alikuwa ameshafika kwenye lango, na mama akampakata Kerubo akatokea mlango wa nyuma, akakimbia. Picha haikupigwa.

Mzee Zakaria alipoelewa alishika kichwa. "Ninyi Wagusii mnamwogopa mkwe kuliko chui!"

"Na ninyi je?"

"Sisi humwogopa mama mkwe. Niliwahi kuruka ua wa miba nisikutane naye." Kisha akaacha kucheka. "Lakini yule mtoto hatarudi, nyar Kisii."

Sista aliichukua mikanda kutoka kwenye msumari. "Mimi nasema zamani. Watu nyumbani naingia, watu nakimbia. Kesho mlango nafungwa." Nikamwomba siku mbili nikamlete Kerubo. Akasema nikienda nisirudi. Wakati huo ndugu yangu mmoja alikuwa shule ya kati na Kemunto naye ndiyo kwanza ameingia hiyo hiyo ya kati, na kazi ile ndiyo ilikuwa baba na mama yao. Nilikaa kwenye ngazi ya kufulia nikafikiri. Kama nikikaa, wangu watasoma, na kila mtoto atakayeingia mlango ule atafungwa kama mbwa kwa kosa langu. Kulipopambazuka nilikuwa njiani.

Nilipita Keumbu watu wakipanga ndizi sokoni, matope mekundu mpaka kwenye goti. Jioni ng'ombe wakikamuliwa nikafika Sironga. Kadi ya hospitali ya Kerubo ilikuwa na jina la mzee, na kila niliyemwuliza alinionyesha njia akiwa anazuia kicheko. Habari zilikuwa zimenitangulia.

Bibi yake Kerubo alikuwa amekaa mlangoni akichambua wimbi. Hakuitikia salamu yangu.

"Ni wewe wa hospitali? Uliyemshikisha mume wangu mkono wa mke wa mwanangu?"

"Ni mimi, magokoro." Ndivyo tunavyomwita bibi.

"Tangu jana mzee hali chakula alichopika mke wa mwanangu. Ninapika mimi, na mgongo huu. Umenirudisha jikoni uzeeni." Akapepeta wimbi kwa nguvu, makapi yakanijia usoni. "Mama yako hakukufundisha?"

"Alikufa nikiwa darasa la tatu."

Ungo ukasimama.

"Baba?"

"Mvua hiyo hiyo."

Alinitazama miguu yenye matope, akatazama mikono yangu. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, ametupa mgongo, lakini nilijua anasikia kwa sababu nyundo yake ilikuwa imenyamaza. Alikuwa akitengeneza viatu vya mpira wa gurudumu la gari. Ndani Kerubo alikohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Mluzi ule sikuwahi kuusikia kwa mtoto wa kifua kikuu, na nilikuwa nimewasikia wengi.

"Kosa ni langu, si la mzee wala la mama Kerubo," nikasema, kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba. "Hawakuingia. Niliwavuta. Mkitaka kunitoza faini, nitozeni. Lakini mtoto huyu apigwe picha. Bila picha watamweka kwenye nyumba ambayo mama yake haingii."

"Na picha yenu, itawaingiza nani na nani chumbani?"

"Mama yake na wewe. Mkipenda."

Mama Kerubo alikuwa amesimama gizani ndani ya nyumba, kitambaa kimeshuka machoni. Alisema neno moja tu. "Mama, twende."

Bibi akainuka akakung'uta sketi. "Aliyekosa mama hufundishwa na wa wenzake. Kaa ule. Kesho tunakwenda, mzee atabaki na ng'ombe." Halafu akapaza sauti: "Nasema mzee atabaki na ng'ombe!" Nyundo ikaanza tena kugonga. Ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Tulifika kesho yake alasiri, tukibadilishana kumbeba Kerubo. Mikanda ilikuwa mezani, imenyooshwa. Sista alisimama mlangoni. "Mimi nasema wewe nafukuzwa."

"Kama nimefukuzwa, Sista, basi mimi si mfanyakazi wako na huwezi kuniamuru. Mimi ni jamaa wa mtoto huyu. Ulisema jamaa waingie."

"Hapana! Mama nakaa nje!"

"Mama anabaki chumbani. Ukitaka kumtoa, mtoe wewe mwenyewe, na umbebe Kerubo umrudishe Sironga kwa miguu kama nilivyotembea mimi."

Bibi hakuelewa Kiswahili hata neno, lakini alielewa miguu iliyoziba mlango. Alimpita Sista pembeni, akaketi juu ya meza ya picha palepale kwenye mikanda, akajitandaza. Wasichana wote wa kufua walikuwa dirishani. Mzee Zakaria akatoa kichwa kwenye chumba cha giza. "Injini ishawaka, Sista. Mafuta yanaungua."

Sista alisogea. Mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya bibi, ya mafuta, au ya ule mluzi, kwa maana Kerubo alikohoa pale pale na nikamwona Sista akiinamisha sikio.

Tulimkalisha Kerubo juu ya kasha. Bibi alimshika upande mmoja, mama upande wa pili na kigae mkononi. Ng'ombe wa Tabaka akapanda juu ya kichwa. "Kerubo, tuwashe moto," nikasema. "Chai ya bibi inapoa." Alivuta pumzi kadiri alivyoweza. Aliyebonyeza alikuwa Sista mwenyewe.

Mzee Zakaria aliimba beti zake mbili polepole kuliko siku zote. Akatoa filamu ikidondoka maji, akaiinua, akasema kitu kwa Kijaluo. Karibu na katikati ya kifua, upande wa kulia, palikuwa na mstari mweupe, mfupi, wenye kichwa. Bibi aliutazama mara moja tu.

"Msumari wa viatu vya mzee," alisema. "Anapogonga hushika misumari kwa midomo. Na huyu humwiga babu yake katika kila kitu."

Haikuwa kifua kikuu. Daktari alimpeleka Kisumu, kwa mtu aliyekuwa na mrija wa kuingia kifuani, na mama alikwenda naye kwa sababu nilikataa kufunga mlango wa gari mpaka apande. Msumari ulitoka. Kerubo alirudi amenenepa mashavu, na bibi akaniletea mkungu wa ndizi na onyo kwamba nisimguse mzee akinisalimu.

Sista hakuomba radhi na sikumwomba. Siku iliyofuata picha ile nilikuta aproni yangu mahali pake na mikanda haikuwa kwenye msumari. Niliiona baadaye, amefungia vitabu vyake. Aliandika kwa mkono wake kwenye daftari la idara, mstari mmoja: jamaa waingie. Chini yake niliongeza wangu, kwa herufi zangu za darasa la tatu: uliza kwanza, huyu ni nani kwako?

Basi hiyo ndiyo kazi. Muulize kila mtu uhusiano wake na mwenzake kabla hujampa cha kushika. Umwulize mama kwa siri kama ana mimba, mbali na masikio ya wakwe, na kama anayo aingie mwingine. Mtoto asikie injini kabla hajaingia. Kigae kiwe safi, kaa liwe baridi; lijaribuni kwa kidole chenu, si chake. Wakiwaambia kwamba huko ni kumdekeza mtoto, wapeni picha mbili wazitazame kwenye mwanga. Na wakiwafukuza kwa ajili hiyo, kumbukeni kwamba aliyefukuzwa hana bosi.

Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, nilikuta tangazo jipya limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha watoto: WAZAZI WASUBIRI NJE. Lilikuwa limepigwa chapa vizuri, na mhuri. Nimesikia mnaulizana nani amelitoa. Ni mimi. Nilikwenda nalo nyumbani nikalitia chini ya kuni, likawa gumu kushika moto kwa sababu ya mvua. Nikapiga magoti, nikavuta pumzi, nikatulia kidogo, nikapuliza. Mkibandika lingine, kuni zangu bado zipo.